Kiti Kimoja, Kitanda Kimoja

Mlango wa chumba cha usaili ulifunguka, na aliyetoka alikuwa mume wake.

Ndiyo, Baba Pacha mwenyewe! Nyinyi mlionisimamisha sokoni wiki nzima mkiapa kwamba atatoka mtoto wa mkubwa fulani, au mkwe wa Mkuu wa Kitivo, mmekosa wote. Aliyetoka ni mtu aliyeamka kitanda kimoja na Mama Pacha asubuhi ile, akanywa naye chai, akamuaga kwamba anakwenda shuleni kwake kusimamia mitihani.

Mama Pacha alisimama nusu, akakaa, akasimama tena. Shati lile alilipiga pasi yeye. Tai ile aliifunga yeye, kwa mikono yake.

"Baba Pacha?"

Mume alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. "Mama Pacha! Si uliniambia wewe zamu yako ni mchana?"

"Wamenivuta mbele. Mitihani yenyewe ndiyo hii?"

Karani aliyekaa kwenye meza ya koridoni aliinamia karatasi zake haraka, asionekane akicheka.

"Nitakueleza nyumbani," mume alinong'ona.

"Nieleze hapa hapa."

"Nyumbani, mke wangu. Watu wanatutazama."

Mkuu wa Kitivo akatoa kichwa mlangoni. "Msailiwa wa pili! Ingia, muda si mali ya mtu mmoja."

Aliyeanza kutusoma leo asihangaike, nitamweleza kwa ufupi. Chuo kilitangaza nafasi moja, moja tu, ya profesa msaidizi wa historia ya kanda. Mama Pacha amefundisha idara hiyo kwa miaka kama kibarua, mkataba wa muhula kwa muhula. Ofisi hana. Husahihisha kazi za wanafunzi akiwa amekaa kwenye ngazi, na wanafunzi wakipita humruka miguu na kumwambia shikamoo. Nafasi hii ndiyo aliyoisubiri. Mume wake anafundisha historia sekondari. Naye ana shahada ya uzamivu, iliyohusu vyama vya ushirika, ambayo tangu aipate imetundikwa sebuleni ikila vumbi. Hata siku moja hakuwahi kutamka kwamba na yeye anakitaka kiti hicho.

Mama Pacha akaingia. 

Jopo lilikuwa la watu watatu. Katikati alikaa Mkuu wa Kitivo, mtu wa sauti ya taratibu ambaye hata akikufukuza kazi utadhani anakubembeleza. Kushoto kwake alikaa Afisa Utumishi na stepla yake. Kulia alikaa profesa mmoja mstaafu, mwanamke mwembamba aliyealikwa kutoka chuo kingine. Wanafunzi wake wa zamani walimwita Bibi Ushahidi, kwa sababu kila insha aliirudisha na swali lile lile: ushahidi uko wapi?

Mama Pacha alichomeka waya wa projekta. Picha ya kwanza ikatokea ukutani: nyumba chache za udongo, mto, na mashamba yaliyopanda mlima.

Mkuu wa Kitivo akainua mkono. "Simama hapo hapo."

"Sijaanza bado, Mheshimiwa."

"Mhadhara wako unaitwaje?"

"'Waliorudi Bondeni.' Unahusu wanawake waliohamishwa kupisha bwawa."

Watu watatu wale wakatazamana. Stepla ikamponyoka Afisa Utumishi, ikagonga meza kwa kishindo.

"Mama," alisema Mkuu wa Kitivo polepole, "mhadhara huo tumetoka kuusikia sasa hivi. Kwa jina hilo hilo. Na picha hiyo hiyo."

Kikulacho ki nguoni mwako! Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

Utafiti ule ulikuwa jasho lake. Serikali ilipojenga bwawa, watu wa bondeni walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa makazi mapya. Vitabu vinasema waliondoka kwa hiari yao, wakiimba. Mama Pacha aliwatafuta wazee waliobaki, nyumba kwa nyumba, akagundua jambo ambalo hakuna kitabu kilicholiandika: maji yalipoanza kupanda, wanawake walitoroka makazi mapya, wakarudi bondeni kwa miguu, kufukua makaburi ya watoto wao wachanga waliozikwa nyuma ya nyumba. Walikataa kuwaacha wanao chini ya maji. Kazi hiyo ilikuwa bado haijachapishwa. Ilikaa kwenye kompyuta ya nyumbani, ile inayotumiwa na nyumba nzima.

"Ni kazi yangu," alisema.

"Mwenzako naye alisema hivyo hivyo."

"Huyo mwenzangu ni mume wangu!"

"Tunajua. Fomu zenu zina anwani moja." Mkuu wa Kitivo alitabasamu kwa huzuni. "Ndiyo maana tunapenda kujua nani amemnakili nani."

"Sikilizeni rekodi za mahojiano."

"Ametuletea," alidakia Afisa Utumishi. "Tumezisikiliza. Sauti inayouliza maswali ni ya mwanamume."

"Alikuwa mkalimani wangu! Mimi si mtu wa kule. Nilikuwa namnong'oneza swali, yeye anauliza kwa lugha yao."

"Kwa hiyo wewe lugha ya kule huijui."

"Naielewa, Mheshimiwa. Kuisema ndiyo inanishinda."

"Historia ya kanda," alisema Mkuu wa Kitivo, kama anayejisemea mwenyewe, "na lugha ya kanda hana."

Bibi Ushahidi, ambaye hadi hapo hakuwa amefungua kinywa, akavua miwani.

"Binti yangu, mimi nina swali moja. Wazee wote kwenye rekodi wanazungumzia malori, wanazungumzia mashamba. Habari ya makaburi haimo hata kwenye rekodi moja. Wewe uliipata wapi?"

Mama Pacha akahisi mlango mdogo umefunguka. "Kuna mwanamke mmoja aliyenisimulia, Profesa. Alikuwa mmoja wao. Alikataa kurekodiwa."

"Ni nani?"

Na mlango ule mdogo ukajifunga hapo hapo.

Msomaji wangu, wewe nitakwambia, ila usimpe mtu. Mwanamke yule ni mama mkwe wake. Ni mama mzazi wa Baba Pacha!

Asubuhi moja ya mvua, wawili wale walikuwa jikoni wakimenya viazi. Mama mkwe akaweka kisu chini bila sababu. "Mumeo si kifungua mimba wangu," alisema. Akaeleza. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, aliyekufa kwa homa kabla hajajua kutembea, akazikwa nyuma ya nyumba kule bondeni. Maji yalipokuja, alirudi na wenzake, akamfukua kwa mikono, akamfunga kwenye nguo, akambeba mgongoni kama aliye hai. Njia nzima akimwimbia. Baba Pacha alizaliwa baadaye, makazi mapya, akapewa jina la yule.

"Hajui kwamba anaitwa jina la maiti," mama mkwe alisema. "Andika, mwanangu, watu wajue. Lakini usinitaje. Na yeye asijue mpaka nife."

Mama Pacha aliapa. Kwenye kazi yake akaandika tu: shahidi wa kike, hakutaka kutajwa.

Sasa pima mwenyewe. Mume amesimama mbele ya watu akasimulia kaburi la kaka yake, akapigiwa makofi, wala hajui ni la nani.

"Ni nani, binti yangu?" Bibi Ushahidi alirudia.

"Siwezi kumtaja, Profesa."

"Hata kwa sisi watatu tu?"

"Niliapa."

"Hata kama kunyamaza kwako ndiko kutakuangusha?"

Mama Pacha alifungua kinywa. Akilini akamwona mama mkwe na kisu chake cha viazi. Akafunga kinywa.

Mkuu wa Kitivo akaandika neno moja kwenye karatasi yake. "Subiri nje."

*

Baba Pacha alikuwa amekaa mwisho wa korido, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa mnyororo ili visiibwe. Mama Pacha alikaa kiti cha pembeni yake. Mnyororo ukalia.

"Umeniibia," alisema.

"Punguza sauti."

"Umeniibia, Baba Pacha! Bora ungeniibia nguo, ningejua nitanunua nyingine."

"Nani alikuendesha kwenye pikipiki mpaka makazi mapya, jua na mvua? Nani aliuliza yale maswali? Wale wazee walifungua vinywa kwa sababu yangu. Wangekuona wewe peke yako wangekufungia milango."

"Ulinisaidia. Na jina lako niliweka, kwenye shukrani."

"Kwenye shukrani!" Mume alicheka kicheko kikavu. "Bonde ni la kwetu, mke wangu. Watu wangu ndio waliohamishwa. Halafu wewe uwe profesa wa maumivu yetu, mimi niwe dereva ninayeshukuriwa?"

"Bonde umelionea wapi wewe? Umezaliwa maji yamekwisha jaa."

Hilo lilimchoma. Aligeukia ukuta. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza. Mkuu wa Kitivo alinipigia yeye mwenyewe. Watu wa makazi mapya wanalalamika chuo hakina hata mtu wao mmoja. Kiti hiki wanataka mtoto wa kule. Wewe, mama, wasingekupa hata ungeshuka na malaika. Nikajiuliza, tukose wote wawili, au kiingie nyumbani kwa mlango wangu?"

"Mbona hukuniuliza mimi?"

Mume alianza kuuchezea mnyororo wa viti.

"Mbona hukuniuliza, Baba Pacha?"

"Kwa sababu ungekataa."

Ukweli ni kwamba Mama Pacha alikuwa na silaha. Angeweza kumwambia pale pale: mwanamke uliyemsimulia humo ndani ni mama yako. Mtoto yule ni kaka yako. Jina lako si lako. Angeanguka kwenye kile kiti cha plastiki asiinuke tena. Neno lilimfika kwenye meno.

Akalimeza, likashuka kama mfupa.

"Msailiwa wa kwanza!" sauti ya Mkuu wa Kitivo iliita. "Rudi kidogo."

Mume aliinuka, akanyoosha tai. Akataka kumshika mkewe bega, akaghairi. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Karani, aliyekuwa amesikia kila kitu na kujifanya hakusikia, alimletea maji kwenye glasi. "Dada, kunywa. Hapa nimeona ndugu, nimeona marafiki wa kufa na kuzikana. Mtu na mume wake sijapata kuona."

"Unadhani wataniita tena?"

Karani aliangalia mlango, akaangalia kucha zake. "Kunywa maji, dada."

Hawakumwita. Aliyetoka ni Afisa Utumishi, na sauti ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Jopo limeona kuna shaka ya kunakili kazi ya mtu mwingine. Suala hili litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Kuanzia leo madarasa yake yote yamesimamishwa.

"Nina wanafunzi kesho asubuhi."

"Atapangiwa mtu mwingine."

"Nani?"

Afisa Utumishi alikohoa. Macho yake yakakimbilia kwenye ule mlango uliofungwa, yakarudi. Mama Pacha akaelewa.

"Naomba kitambulisho chako, mama."

Alikivua shingoni. Kamba ilinasa kwenye nywele, karani akamsaidia kuinasua.

*

Nyumbani, mama mkwe alikuwa uani akianua mashuka. Wale pacha hawakuwa wamerudi kutoka shule. Mama Pacha alisimama mlangoni mwa jikoni na viatu mkononi, hajui aingie au atoke.

"Mbona mapema?" mama mkwe aliuliza. "Wamekupa?"

Kabla hajajibu, simu ikaita.

"Ni mimi," ilisema sauti kavu. Bibi Ushahidi! "Nimepata namba yako kwa karani. Nisikilize vizuri. Wenzangu wamekwisha amua. Mimi sijatia sahihi."

Mama Pacha alijikalisha kwenye kizingiti. "Profesa, unaniamini?"

"Kukuamini kwangu hakukusaidii. Nimesoma insha za waongo maisha yangu yote, na mwongo hanyamazi pale uliponyamaza wewe. Lakini hiyo si hoja ya kuandika kwenye ripoti. Niletee huyo mwanamke kesho asubuhi. Si lazima azungumze mbele ya jopo, wala mbele ya mumeo. Azungumze na mimi tu, chumbani, mlango umefungwa."

"Na kama hataki?"

"Basi mimi ni bibi kizee mmoja, na wao ni wawili. Nitatia sahihi, binti yangu. Sitakuwa na la kufanya."

Simu ikakatika. Mama mkwe alikuwa amesimama na shuka kifuani.

"Nimesikia unauliza, kama hataki. Nani hataki?"

Mama Pacha akamweleza. Alianzia kwenye shati la pasi, akamalizia kwenye kitambulisho. Hakumtukana mume wake hata mara moja, kwa sababu aliyekuwa akisikiliza ni mama mzazi wa mume huyo. Mama mkwe alisikiliza akikunja shuka, akilikunjua, akilikunja tena.

"Alisimulia yote?"

"Yote, Mama."

"Na la mtoto? La kumbeba mgongoni?"

"Na hilo. Yeye anadhani ni mwanamke mwingine tu."

Mama mkwe aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Kwa muda mrefu alitazama mikono yake, kiganja, kisha mgongo wa mkono, kisha kiganja.

"Mama," alisema Mama Pacha. "Ni neno moja tu. Chumbani. Yeye hatajua."

"Atajua. Watamnyang'anya kiti, atauliza ni nani aliyesema. Hata shuleni kwake watamfukuza, mwizi hafundishi watoto. Usiniombe hilo, mwanangu."

"Nitaishije mimi?"

"Sijui."

"Wanafunzi wangu wataambiwa nimeiba. Watoto wangu wataambiwa hivyo hivyo."

"Sijui, mwanangu. Wewe nakupenda. Binti sikujaliwa, Mungu akanipa wewe. Lakini yeye nimemzaa." Alinyanyua ile mikono. "Mmoja nilimfukua kwa hii. Huyu aliyebaki unataka nimzike kwa hii hii?"

Mama Pacha alichukua ncha mbili za shuka, mama mkwe akachukua nyingine mbili, wakakunja pamoja kama siku zote, wakikutana katikati bila kutazamana.

Geti likagongwa kwa furaha.

"Mama! Mama yangu!" Baba Pacha aliingia tai ikiwa begani. Hakumtazama mkewe, alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkumbatia pamoja na shuka. "Mwanao ni profesa! Mkuu wa Kitivo amenishika mkono. Imebaki sahihi moja tu, na yenyewe ni kesho."

"Hongera, baba," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo.

"Nimezungumza habari za bonde letu, Mama. Wamekaa kimya kama wako msibani. Nimewasimulia wale wanawake waliorudi kufukua watoto wao, mpaka Afisa Utumishi kafuta machozi."

"Nyamaza, Baba Pacha," alisema mkewe.

"Mimi na wewe tutaongea baadaye, mke wangu, najua una hasira, una haki." Alimgeukia tena mama yake, macho yakimeta kama ya mtoto aliyeshinda mbio. "Ila yule bibi mstaafu alinibana, Mama! Mara ya pili waliponiita. Ananiuliza, huyo mwanamke aliyembeba maiti ya mwanawe mgongoni ni nani? Yuko wapi? Mlete tumwone!"

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nikawaambia ni ajuza mmoja wa ukoo wetu, na amekwisha kufa."

"Nyamaza!" Mama Pacha alipiga kelele.

Lakini lilikuwa limekwisha toka. Mama mkwe aliliweka shuka chini, taratibu, kwenye vumbi. Akamtazama mwanawe kuanzia miguuni, akapanda naye mpaka usoni, kama anayemtafuta mtu mwingine humo ndani.

"Alikufa lini, mwanangu?"